Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa nakung'uta chandarua. Usiku mzima ukuta ulikuwa unanidondoshea udongo: mara punje, mara kibonge, mara ule unga laini wa mchwa unaoingia hadi masikioni. Nikishakung'uta nafagia, nikishafagia nasimama mbele ya ukuta nautazama. Ulikuwa umepasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi chini, na kiganja changu kilipita kwenye ufa ule bila kugusa kitu. Pale katikati ulikuwa umefanya tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limeelekea ndani, upande wa kitanda changu. Nikitoka nje namwambia mama, "Leo umeongezeka." Mama anajibu, "Haujaongezeka, ni macho yako." Ndivyo tulivyokuwa tunaamkiana tangu mvua zile kubwa zilipopita.

Mvua zile ziliwaumiza wengi huku kwetu. Kijiji chetu kiko ndani kidogo ukitokea Mitole, bondeni, na maji yalipokuja yalikaa uani siku nyingi kama yamelipia kodi. Ufuta ulioza shambani. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, imeezekwa makuti, na maji yalipopungua tukaona kumbe yamelainisha ukuta wa nyuma kutoka chini. Kilichobaki mchwa wakakimalizia. Kuujenga upya si kazi ya wanawake wawili, mmoja mzee na mwingine mgongo unamuuma. Inatakiwa miti mipya, inatakiwa fundi, inatakiwa kubomoa kwanza, na ukibomoa ukuta ule paa la nyuma linakufuata.

Chumba kile cha nyuma kilikuwa cha mama. Nilimhamisha kwa ugomvi, nikamweka chumba cha mbele, nikaingia mimi. Cha mbele ni kidogo, na nusu yake ilikuwa magunia ya mahindi na makopa ya muhogo, kwa sababu sebuleni makuti yalikuwa yamechakaa, panavuja. Kitanda kimoja kikiingia humo, mlango unafunguka nusu tu. Mama alinuna. Akasema ukuta ule ameujenga yeye, anaujua, hauwezi kumuua.

"Kama hauui, basi acha nilale mimi," nikamwambia.

Akachukua mto wake akaenda. Na hapo ndipo nilipoanza kulala na sikio moja wazi. Mimi si mwoga wa vitu. Nyoka nimeua, mume nimeachana naye bila kutoa chozi mbele ya watu. Lakini ukuta unaodondosha punje moja, kisha ukanyamaza, kisha ukadondosha nyingine, huo ulinitia hofu nisiyoijua. Nilikuwa nalala nimejikunja ukingoni mwa kitanda, miguu tayari sakafuni, na mchana nikiwa shambani nikiona wingu jeusi upande wa Kivinje natupa jembe nakimbilia nyumbani.

Ndipo mkutano wa kijiji ukaitwa. Mtendaji wetu, kijana mpole anayetoka jasho hata wakati wa baridi, akatangaza kwamba serikali itasaidia kukarabati nyumba za watu ambao mvua imewaharibia na hawana uwezo. Itatoa bati, saruji na fundi. Wenye shida wajiandikishe, kisha wageni kutoka wilayani watakuja kukagua nyumba moja moja. Masharti ni mawili: nyumba iwe yako, na mwenye nyumba mwenyewe aseme hali yake kwa mdomo wake. Alieleza kwamba mahali pengine ndugu waliwasemea wazee, bati zikaishia kwenye nyumba za ndugu. Kwa hiyo mtoto hamsemei mzazi, mume hamsemei mke.

Nilitoka pale nimepata pumzi. Masika yalikuwa bado, wakiwahi tutakuwa na ukuta kabla ya mvua. Tulipokaribia nyumbani mama akauliza, "Wanakuja lini hao wageni?"

"Wiki ijayo, wamesema."

"Wangapi?"

"Sijui, mama."

"Watu wa wilayani wanakula mihogo?"

Nikacheka. Nikamwambia hawaji kula, wanakuja kuona ukuta. Akaitikia "haya," ile haya yake fupi, na mimi nikadhani tumeelewana.

Inabidi nimweleze mama yangu kidogo. Kwao ni Rondo, Mmwera hasa, na kwao nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anakuja na panga lake na mkeka wake, siku akiondoka anaondoka navyo, nyumba inabaki na mwenyewe. Hii ya huku aliijenga baada ya kuachana na baba, kwa mikono yake, na watu wa huku walimcheka wakidhani haitasimama. Ikasimama. Tangu hapo sijawahi kumsikia akisema "sina" wala "siwezi" mbele ya mtu. Chumvi ikiisha anasema leo hajisikii kula chumvi. Watu wanamwita maskini jeuri, na mimi nimemwita hivyo mara nyingi, tukagombana mara nyingi.

Na mgeni kwake ni habari nyingine kabisa. Nilipokuwa mdogo, mgeni mmoja aliyelala kwetu aliumwa na nge. Alipona, akaenda zake, wala hakulalamika. Lakini mama hadi leo akilikumbuka jambo lile anashika mdomo. Anasema mtu ametoka kwao mzima, kwangu akaumia. Mgeni akija, sisi wa nyumbani tunalala chini, tunakula kilichobaki, tunavaa nguo za kutokea. Sebule inafagiliwa mara mbili. Hiyo si tabia ya mama peke yake, jamani, ni ya kitongoji kizima, ndiyo maana yalitokea yaliyotokea.

Siku mbili tatu baada ya mkutano tukaletewa habari ya msiba Mchinga. Mjomba amefariki. Mama miguu ilikuwa imevimba, nikaenda mimi kwa niaba ya wote wawili. Kabla ya kuondoka nilimpeleka chumba cha nyuma, nikamwonyesha ufa, nikamwambia, "Mama, huu usiuguse. Uache hivi hivi. Hata huo udongo ukianguka usiufagie." Akaitikia haya. Kumbe haya ile ndiyo ile ile.

Kule msibani nilikaa hadi matanga yakaondolewa, na haki ya Mungu nusu ya kilio changu ilikuwa ya ukuta. Watu wananipa pole ya mjomba, mimi nawaza kama mama amerudi kulala chumba cha nyuma sasa kwa kuwa sipo. Siku ya kurudi nikashuka Nangurukuru, nikapata pikipiki, na njia nzima natazama juu. Wingu lilikuwepo, ila halikufanya kitu.

Tulipoingia kitongojini nikamwambia yule wa pikipiki asimame kidogo. Nilidhani nimepotea. Nyumba zilikuwa zinang'aa. Kwa jirani yetu, ambaye upande mmoja wa nyumba yake ulikuwa umebaki fito tupu, fito hazionekani tena, kumekandikwa udongo mpya na kupigwa chokaa juu. Nyumba inayofuata mlangoni kumetundikwa pazia la harusi. Uani kote kumefagiliwa, hakuna jani. Wanawake walikuwa wamesaidiana, leo kwako kesho kwangu, ndoo za udongo zimetoka bondeni asubuhi hadi jioni. Wageni wanakuja, jamani! Nani atakaa na nyumba imetoboka, wageni wanakuja?

Yetu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Sikusalimia. Niliingia moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Ufa haupo. Udongo uliodondoka haupo. Ukuta umekandikwa, umesuguliwa kwa kiganja mpaka umekuwa laini, umepakwa chokaa, na pale chini mama alikuwa ameuchorea ukanda mwekundu kama wa sikukuu. Kitanda changu kimetandikwa. Tumbo la ukuta lilikuwepo bado, ila sasa lilionekana kama limekusudiwa. Nikaweka mkono, ni wa baridi, udongo wa ndani bado mbichi. Alikuwa ameuongezea uzito. Ukuta ulioshindwa kujibeba wenyewe, ameutwika na ndoo kumi za matope.

"Mama! Umefanya nini?"

Alikuwa mlangoni, chokaa hadi kwenye nyusi, anatabasamu. Wallahi alikuwa anangoja nimsifu.

"Umependeza, eti?"

"Nilikwambia usiguse! Wanakuja kuona ubovu, mama! Wakiona hivi watatuandikia nini?"

"Wataandika kwamba wamekuta nyumba ya mtu mwenye adabu."

"Adabu itazuia mvua?"

"We mtoto, usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu. Mimi nimewaonyesha makalio lini wageni? Waingie wakute nyumba imejitandaza, watu wanaona hadi kitandani? Afadhali nisipewe."

Nikachukua jembe. Ndiyo, nililichukua. Nilitaka nichokonoe tu pale penye ufa, uonekane. Mama akaja akasimama mbele ya ukuta, mgongo wake umegusa chokaa, akaniambia nianze na yeye. Hapo hasira ikanitoka yote, ikaja hofu badala yake, maana alikuwa amesimama palepale mahali pabaya, ameegemea. Nikaweka jembe chini taratibu. Nikambembeleza atoke pale. Alitoka kwa raha zake, kanga yake imebakia na alama nyeupe mgongoni.

Usingizi haukunijia. Punje hazikudondoka tena, na huo ukimya ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na habari ya kinachoendelea ndani.

Wageni walikuja kesho yake baada ya adhuhuri. Walikuwa watatu pamoja na mtendaji wetu: bwana mmoja mtu mzima mwenye miwani kutoka maendeleo ya jamii, na injinia, ambaye alikuwa binti mdogo tu amevaa buti za mvua na ushungi. Mtendaji alikuwa amelowa jasho hadi kwenye kola. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa wenzetu imekuwaje.

"Dada, nimekwisha," alininong'oneza. "Kila nyumba ni chai na chokaa. Kila mtu anasema alhamdulillahi. Wageni wananiuliza mbona niliwaambia kijiji kimeharibika."

Mama alikuwa amevaa kanga mpya. "Karibuni wageni, karibuni ndani, poleni na njia."

"Shikamoo, bibi," yule binti akapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Kaeni, kaeni kwanza."

Wakakalishwa. Ikaja chai ya tangawizi, ikaja mihogo ya kukaanga. Mimi nimesimama ukutani nahesabu mihogo inavyokwisha, maana nilijua wakishakula wataaga. Kweli, bwana wa miwani alifuta mikono akasema watazame nyumba haraka, wana kijiji kingine. Walitazama sebule. Mtendaji akawaelekeza chumba cha nyuma. Injinia akaingia, akaugonga ukuta kwa vidole, akainama, akarudi nyuma akautazama kwa upande.

"Bibi, mbona hapa katikati umevimba?"

"Ndivyo ulivyojengwa," mama akasema. "Ukuta wa mwanamke lazima uwe na tumbo."

Wakacheka wote! Mtendaji naye akacheka, mpuuzi yule, kwa woga tu. Mimi nikapasuka. "Dada, huo ukuta umeoza! Nguzo zimeliwa na mchwa, ulikuwa na ufa hapa, mkono unapita. Amekandika juzi. Gusa hapa, bado mbichi!"

"Msimsikilize," mama akasema kwa upole, kama anamwombea radhi mtoto aliyekojoa mapajani pa mtu. "Huyu tangu mdogo ana wasiwasi."

Injinia alinitazama, akamtazama mama. Nadhani aliniamini. Lakini bwana wa miwani alikuwa ameshashika kalamu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesema maneno hayohayo tangu asubuhi. "Bibi, sisi sheria yetu ni kukusikiliza wewe mwenye nyumba. Una shida na nyumba hii, au huna?"

Nilimkazia mama macho. Nilimwomba kwa macho, nilimtukana kwa macho. Sema, mama. Neno moja tu, sema.

"Nyumba inanisitiri," mama akasema. "Wako wenye shida kuliko mimi. Wapeni hao."

Bwana akaandika. Akafunga kalamu. Akasema asante kwa chai.

Sijui nililipata wapi wazo lile. Halikuwa wazo, ilikuwa hasira imeshika njia yake. Nikafungua sanduku, nikatoa shuka jipya, lile la maua ambalo hatulitandiki hovyo, nikalipiga kung'uto moja mbele yao na kuanza kulitandika kitandani kwangu.

"Basi wageni wasiondoke," nikasema kwa sauti. "Jua limeshapinda, na barabara ya kwenda mbele ni utelezi mtupu. Lazeni mwili hapa kwetu, kesho mtaendelea. Huyu dada atalala hapa, kitanda changu ni kizuri. Mama, tuwachinjie kuku."

Injinia akaanza kushukuru na kukataa pamoja. Nikamwambia asikatae, kwetu mgeni hakatai kitanda. Nikamshika mkono. Nikamkalisha ukingoni, palepale, ukuta nyuma ya kichwa chake. Naye kwa adabu akakaa.

Nikamgeukia mama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Acha," akasema.

"Niache nini, mama? Shuka ni safi."

"Acha hilo shuka."

"Sasa mgeni alale wapi? Nje?"

"Nimesema acha!" Hajawahi kupiga kelele mbele ya wageni maisha yake yote. Akamfuata yule binti, akamshika kwa mikono miwili, akamwinua pale kitandani kama anamtoa kwenye moto, akamvuta hadi mlangoni. "Huku halali mgeni," akasema. Alikuwa anahema.

Injinia alimwuliza polepole, "Kwa nini, bibi?"

"Wewe ni mtoto wa watu. Ukuta ukikuangukia, mama yako nitamwambia nini?"

Nje kuku walikuwa wanaparuana, nikawasikia wazi kabisa.

"Na huwa analala nani hapa?" injinia akauliza. Naamini hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mama alinielekezea kidevu. "Huyu."

"Huyu ni nani yako?"

"Mwanangu."

Alilisema neno lile kisha akalisikia. Nilimwona akilisikia. Alinitazama, akautazama ukuta wenye ukanda wake mwekundu, akatazama mikono yake ambayo chokaa ilikuwa haijatoka vizuri kwenye kucha. Kisha akakaa juu ya shuka la wageni, yeye ambaye hakuwahi kulikalia, akainamisha kichwa.

"Andika," akamwambia yule bwana. "Andika nimeshindwa. Ukuta umeoza, nimeufunika kwa aibu. Sina nguvu za kuujenga tena."

Bwana wa miwani alifungua kalamu yake bila haraka. Alipomaliza akamshikia mama mkono vizuri wakati wa kuweka dole gumba, wala hakusema lolote la kumtia unyonge, na kwa hilo namwombea dua hadi leo. Mtendaji akakohoa, akauliza kama wangeweza kurudi kwa wale waliowatembelea asubuhi. Injinia akasema lazima. Na kweli walirudi, nikasikia baadaye kwamba kwa jirani walikwangua chokaa kwa kijiko.

Nilikuwa nimeshinda, si ndivyo? Nilichokuwa nakililia miezi yote nimekipata. Lakini nilibaki nimeshika pindo la shuka, natamani ningelirudisha sandukuni na maneno yote yarudi nayo. Nilikuwa nimemfanya mama yangu aseme "nimeshindwa" mbele ya watu. Mimi, si ukuta.

Wageni wakaondoka. Mama aliingia chumba cha mbele, akaanza kuburuta magunia. Nikataka kusaidia, akaniondoa kwa kiwiko. Aliyapeleka magunia kwa jirani moja moja, akisimama njiani kupumzisha miguu yake iliyovimba, mimi namfuata nyuma nimenyanyua mikono nisijue niiweke wapi. Kisha akashika kitanda changu kwa upande mmoja akaningoja nishike upande wa pili. Tukakiingiza kwake. Mlango ukawa haufungi kabisa. Akapanda kitandani kwake, akageukia ukuta wa mbele, ule mzima, akalala mchana ule kama mgonjwa.

Msaada ulikuja. Usikae roho juu kwa hilo. Zilikuja bati, ikaja saruji, akaja fundi anayepiga mluzi kutwa, na leo mama ana chumba cha tofali ambacho hajaacha kukilalamikia kwamba kina joto. Lakini vilichelewa kidogo, mvua zilitangulia. Na tulipokuwa tunangoja, tunalala vitanda vimebanana hivyo, nilikuwa bado nadamka na kukung'uta chandarua kisicho na udongo.

Ukuta ulianguka asubuhi, sisi tuko jikoni uani. Mvua ilikuwa imenyesha kutoka alfajiri, ndogo tu, wala si ya kutisha. Mama alikuwa anapuliza moto, mimi nakuna nazi. Hatukusikia mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu ametua gunia chini kwa kuchoka. Kisha vumbi likatoka dirishani, vumbi wakati wa mvua, na makuti ya nyuma yakashuka taratibu.

Tulikimbia. Mama alifika kabla yangu, sijui kwa miguu ipi. Chumba kilikuwa wazi, ua wa jirani unaonekana hadi kwenye kisima chao. Udongo ulikuwa umejaa ndani, mabonge makubwa yenye chokaa upande mmoja, na yalikuwa yamelundikana palepale kilipokuwa kitanda, kutoka kichwani hadi miguuni, kimo cha kiuno cha mtu. Fito zilikuwa zimetokeza juu yake. Niliangalia mahali pa kuweka kichwa changu nikaona hapaonekani.

Mama hakulia wala hakusema alhamdulillahi. Aliingia akapanda juu ya ule udongo, peku, akasimama mahali pa mto wangu. Mvua inamnyeshea. Nilimwita atoke, paa bado linaning'inia, hakutoka. Nikapanda nimfuate.

"Yule mgeni nilimwonea huruma," akasema akitazama chini. "Wewe nilikuzoea."

Alinishika mkono akaukaza, na majirani walipokuja kutuita tushuke alikuwa hajauachia.